Turbo haifi yenyewe, pima injini kabla hujafungua

Kila nikipita gereji nasikia maneno yaleyale, hii turbo imekufa kaka tafuta nyingine, na mwenye gari hapohapo anaanza kupiga simu Ilala na Gerezani kuulizia turbo ya mtumba wakati hakuna mtu aliyechomoa hata dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili. Inaniuma kweli. Kwasababu turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, mara nyingi inauliwa na kitu kingine kilichoanza kuharibika mapema zaidi, na kama hicho kitu hujakijua basi hiyo utakayoifunga Jumamosi itakufa vilevile, tena inaweza ikafa haraka kuliko ya kwanza.

Naongelea hasa Subaru Forester, ile SG5 ya 2002 hadi 2007 yenye injini ya EJ205, lita 2 na turbo, mana ndo ninayoendesha na ndo zimejaa Dar, Arusha, Nairobi. Ile changa kabisa sa hivi inakaribia miaka 20. Chuma chake bado kina nguvu, ila mipira, sili, gasketi na plastiki vimepikwa na joto la chini ya boneti miaka yote hiyo, na vingi vilishapikwa Japani kabla gari haijapanda meli. Ukiwa na Impreza WRX au Legacy ya turbo ya miaka hiyo mengi ya humu yanakuhusu moja kwa moja.

Tuanze na turbo yenyewe inavyoishi. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja inapigwa na moshi wa ekzosi wenye joto la digrii 800 na zaidi ukiwa umekanyaga, na kile kishina cha katikati kwenye hizi turbo zetu hakijashikwa na bearing za gololi, kinaelea kwenye utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika sekunde chache tu chuma kinagusa chuma. Kwahiyo ukiambiwa turbo imekufa swali la kwanza ni oili ilikuwepo ya kutosha? La pili, ilikuwa oili ya namna gani? La tatu, ilikuwa inafika? Hayo maswali matatu hayahitaji kufungua injini na hayana gharama yoyote ya maana.

Dipstiki ya EJ inasumbua kusoma, hilo lazima niseme. Ukiichomoa injini ikiwa imetoka kuzimwa inakuja imepakaa oili kote upande mmoja unasoma juu upande wa pili chini, na watu wengi wanasoma ule upande unaowafurahisha. Paki sehemu iliyo sawa, asubuhi kabla hujawasha, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena, afu amini ule upande unaosoma chini. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja hivi. Injini nzima inabeba lita 4 na kitu tu, kwahiyo ukishuka chini ya alama ya chini umeshapoteza robo ya oili, na ukikata kona ndefu kwa spidi oili inahamia upande mmoja wa hii injini iliyolala, yani silinda zake zimelala kulia na kushoto, na bomba la kunyonyea linaweza kunyonya hewa. Taa ya oili ikija kuwaka pale kwenye dashibodi bearing za konrodi zimeshaanza kuumia, ile taa ni ya mpresha sio ya kiasi, usiingoje.

Gari ya turbo ya miaka hii kula oili kidogo ni kawaida. Mi naandika kwenye kidaftari kilomita na kiasi nilichoongeza, na kipimo changu ni hiki, ikila nusu lita kwa kilomita 1,000 naanza kutafuta inapokwenda, ikifika lita nzima gari inaumwa na sisafiri nayo. Bila kuandika hutojua, utabaki kusema "inakula kidogo" mwaka mzima huku inapanda polepole.

Aina ya oili sasa. Kwa joto la Dar naweka 5W-40 ful sinthetiki na naibadilisha kila kilomita 5,000, na filta kila mara, sio "filta bado nzuri boss". Ile SAE 40 ya pipa inaweza kuwa sawa kwenye injini ya zamani isiyo na turbo, lakini kwenye turbo ni nzito wakati wa kuwasha asubuhi, inachelewa kufika juu, na ikipikwa na joto la turbo inaacha masizi magumu ndani ya kale kabomba kanakopeleka oili kwenye turbo. Na oili feki ipo, nyingi tu, nunua kwenye sheli au kwa wakala anayejulikana, na galoni ukimaliza itoboe kabla hujaitupa mana makopo matupu mazuri yana wateja wake.

Sasa hapa ndo pana siri ambayo mafundi wengi wanairuka. Kwenye baadhi ya hizi EJ za turbo, ile bolti inayoshika bomba la oili la kwenda kwenye turbo ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake, kidogo kuliko ncha ya kidole. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, tope linajaa pale na turbo inanyimwa oili huku dipstiki inasoma imejaa vizuri kabisa. Mtu anafunga turbo nyingine na bolti ileile na bomba lilelile, inakwenda wiki kadhaa, inaanza kulia kama king'ora, imekufa. Kwahiyo kama unabadili turbo kweli, bolti itoke isafishwe au ibadilishwe, bomba lipulizwe mpaka lipitishe vizuri, oili na filta mpya, na kabla ya kuwasha wazungushe stata injini ikiwa haishiki moto mpaka oili ifike juu. Ukimkuta fundi anayefanya hivi bila kuambiwa, huyo mshike.

Kuhusu moshi, amka mapema uiangalie gari ikiwa imelala usiku mzima, mwombe mtu awashe we simama nyuma. Moshi wa bluu kidogo wakati wa kuwasha afu unakata, mara nyingi ni sili za valvu, na kwenye injini iliyolala kama hii oili kidogo kujipenyeza usiku sio ajabu. Bluu inayokuja ukiwa silensa, yani injini inanguruma bila kukanyagwa, muda mrefu kwenye foleni afu ukakanyaga, hapo turbo inatuhumiwa. Bluu inayoendelea kila ukikanyaga, mawazo yaende kwenye ringi za pistoni. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito wenye harufu tamu tamu usiokata hata injini ikipata moto ni kulanti, yale maji ya kupozea injini, inaungua, hapo zima usiendelee.

Ukitaka kuikagua turbo yenyewe haihitaji kushushwa. Toa mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, injini ikiwa ya baridi, ingiza vidole viwili ushike ncha ya kishina. Kikicheza kidogo sana kushoto na kulia usiogope, ni ile nafasi ya oili. Kisicheze kuingia na kutoka. Kizungushe taratibu, kikikwaruza ukutani au ukiona mapanga yamelika kingo, hapo ndo turbo imekwisha na hata mi nitakubali. Ukungu wa oili kwenye mipira ya hewa ni kawaida kwasababu mvuke wa injini unarudishwa humo, ila oili iliyotuama kabisa mpaka inamwagika ukilegeza mpira ni kesi nyingine.

Baada ya hapo ndo unakwenda kwenye kupima injini yenyewe, na hapa nataka nikae kidogo. Geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyogandamiza hewa, haifiki bei ya kujaza tenki la Forester, lakini nimeona watu wanashawishiwa oveholi ya mamilioni bila kupimwa hata silinda moja. Injini ipate moto kwanza, betri iwe na chaji, toa plagi zote nne sio moja moja, zima pampu ya petroli kwa kuchomoa fyuzi yake, chomoa soketi za koili, na mtu akanyage mafuta mpaka chini wakati stata inazungushwa ili hewa iingie ya kutosha. Kutoa plagi za Subaru ni kazi, zinakaa ubavuni karibu kabisa na chesisi, betri inatoka, boksi la hewa linatoka, ndo mana fundi mvivu atakwambia "haina haja". Haja ipo. Kwa EJ205 nzima unategemea namba kuanzia 140 hadi 170 psi hivi, na kikubwa kuliko namba yenyewe ni tofauti kati ya silinda na silinda, ikizidi psi 10 nataka kujua kwanini. Walioko Nairobi, Arusha au Iringa wajue kwamba kule juu hewa ni nyepesi, injini ileile iliyosoma 150 Dar inaweza kusoma chini kwa psi 20 na zaidi Nairobi bila kuwa na ugonjwa wowote, kwahiyo kule angalia zaidi usawa wa silinda zote nne.

Kuna ule mtindo wa kumwaga kijiko cha oili ndani ya silinda upime tena, ikipanda wanasema ringi. Kwenye injini zilizosimama unasaidia. Kwenye hii yetu pistoni zimelala, oili inakwenda kukaa upande wa chini tu haizunguki ringi nzima, kwahiyo jibu lake usiliwekee dhamana. Bora kipimo cha kuvujisha hewa, yani silinda inawekwa pistoni ikiwa juu valvu zote zimefungwa, afu unaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na geji inakuonyesha kiasi gani kinapotea. Raha ya hiki kipimo ni kwamba injini yenyewe inakuonyesha. Fungua mfuniko wa oili uweke sikio, ukisikia hewa inapuliza hapo ni ringi au pistoni. Sikia kwenye trotoli, ule mlango wa hewa ya kuingia injini, ni valvu za kuingiza. Sikia kwenye ekzosi, ni valvu za kutoa. Angalia maji ya rejeta, yakitoa mapovu ni gasketi ya silinda hedi au hedi yenyewe imepasuka. Dakika 40 za kazi na umeshajua ugonjwa uko wapi bila kufungua bolti moja ya injini.

Silinda ya 4 ipime kwa makini zaidi, hizi turbo za Subaru zina historia ya pistoni ya huko kukatika ule ukingo unaoshika ringi, hasa zile za lita 2.5. Kinachoukata mara nyingi ni mlipuko kabla ya wakati wake, ile nok. Injini za Japani za namna hii zilipangwa zitumie petroli ya okteni ya juu, ndo mana ukifungua kifuniko cha tenki unakuta stika ya Kijapani, sisi tunaweka iliyopo sheli. Kompyuta ya gari inajitahidi kurudisha moto nyuma ikisikia nok, lakini we pia isaidie, ukipanda mlima Kitonga usiing'ang'anize gia ya juu huku umekanyaga mpaka chini kwenye rpm 2,000, shusha gia iache izunguke. Na sensa ya nok ikipasuka ibadilishwe, ni ndogo na inakaa juu ya bloku inafikika.

Gari kukosa nguvu na kunywa petroli nako kila mtu analisukumia turbo, wakati sababu ya kawaida kwa gari ya umri huu ni mpira wa hewa uliopasuka kati ya turbo na injini. Sensa ya hewa iko mwanzoni kabla ya turbo, imeshaihesabu hewa na kompyuta imeshamwaga petroli ya hewa hiyo, afu nusu yake inatokea kwenye ufa njiani. Matokeo yake moshi mweusi, plagi nyeusi, nguvu hakuna. Ziba mdomo wa mpira wa kuingilia, pulizia hewa kidogo ya kompresa, psi 10 zinatosha, afu nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, mapovu yatakuonyesha. Angalia sana lile bomba la plastiki chini ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, kama lako ni la plastiki, linapata ufa sehemu usiyoiona, na vile vimipira vyembamba vya vakyum ambavyo ukivipinda vinakatika kama biskuti. Vibadilishe vyote kwa mkupuo.

Joto. Hapa nina ugomvi na tabia moja tu, ya kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari ikichemsha mara moja fundi anaitoa anaitupa, "huku kwetu joto haina kazi". Ina kazi! Bila hiyo ukiwa barabara kuu injini inakwenda baridi kuliko inavyotakiwa, kompyuta inadhani bado asubuhi inaongeza petroli, petroli inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, na tumesharudi kulekule kwenye utando wa oili wa turbo na bearing. Na kilichochemsha bado hakijatibiwa, iwe rejeta imeziba, feni moja haizunguki, au mfuniko umechoka hauzuii mpresha. Weka themostati orijino, kulanti ya ukweli, na sio maji ya kisima, maji ya visima vya Dar yana chumvi yanakula alumini ya hedi. Wakati wa kujaza, jaza kupitia kile kitenki kidogo cha juu karibu na turbo, taratibu, uache hewa itoke, kwasababu EJ ikibakiza hewa ndani itachemsha hata kama kila kitu ni kipya. Na ule mshale wa dashibodi unakaa katikati palepale ukianza kusogea umeshachelewa, kwahiyo skana ndogo ya bluetooth inayosoma digrii zenyewe kwenye simu ni kitu cha maana sana, ila gari za Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingine hazikubali zile za bei rahisi, jaribu kabla hujalipa.

Na jamani ile sifa mbaya ya Subaru kuvuja gasketi ya hedi ilitoka zaidi kwenye EJ25 zisizo na turbo, zile za lita 2.5. Hizi za turbo zina gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, ni imara zaidi. Ukiambiwa "Subaru zote gasketi" omba kipimo cha maji ya kemikali, ile ya bluu inayogeuka njano ikinusa moshi ndani ya rejeta. Ikibaki bluu mwambie fundi atafute kwingine.

Taimingi belti, ule mkanda unaoendesha valvu zifunguke kwa wakati wake, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama gari umeinunua bila rekodi hesabu haijabadilishwa. Tafuta stika ya Kijapani kwenye kava ya belti au karibu yake, wenzetu wanaandika tarehe na kilomita walipobadili, na ile ya oili wanabandika mlangoni, ukikuta stika inasoma kilomita nyingi kuliko dashibodi umeshajua umeuziwa nini. Belti ikikatika kwenye EJ205 valvu zinagonga pistoni, hakuna bahati hapo. Badilisha pamoja na rola zake, tensheni na wota pampu.

Kuzima gari, kilomita ya mwisho kabla ya nyumbani endesha polepole turbo ipoe njiani, ukitoka mbio ndefu ukaingia sheli Chalinze iache silensa dakika moja au mbili. Ile tabia ya kupiga resi afu unazima papo hapo ikomeshwe, turbo unaiacha inazunguka kwa kasi huku pampu ya oili imeshasimama.

Sasa tuseme umepima yote na silinda moja kweli iko 90 psi na hewa inapuliza kwenye mfuniko wa oili. Hapo una njia mbili, oveholi au injini ya mtumba, na ushauri wangu ni huu, kama huna fundi anayepima bearing kwa maikromita na kupeleka bloku kwa watu wa mashine, chukua ya mtumba lakini usiichukue kwa kuiangalia nje. Muulize muuzaji kama anakubali ifungwe stata na betri palepale chini, plagi nne nje, geji yako mwenyewe mkononi. Fungua kava ya belti uone hali ya belti, toa mfuniko wa oili uingize tochi, ukiona masizi meusi magumu yamegandia au tope, achana nayo. Ukiona rangi ya dhahabu safi na namba nne zinazokaribiana, ndo uanze kuzungumza bei, na kabla haijaingia kwenye gari funga belti mpya, rola, wota pampu, sili za mbele na nyuma, na hiyo bolti yenye kichujio, kwasababu injini ikiwa chini kazi yote hiyo ni ya nusu siku tu.